Jinsi tulivyodhibiti kabonidioksidi kwenye chumba cha kuchachushia bia

Wafanyakazi walitoka chumba cha matangi wakiumwa kichwa, ilhali kipimo cha gesi ukutani kilionyesha hali shwari. Kasoro ilikuwa mahali kilipofungwa: karibu na dari. Kabonidioksidi, gesi inayotoka bia inapochachuka, ni nzito kuliko hewa mara 1.5 hivi, kwa hiyo hutuama sakafuni.

Tulikishusha hadi sentimita 30 kutoka chini, king'ora kikawekwa kulia gesi ikifika sehemu 5,000 kwa milioni, na taa yake ikafungwa nje ya mlango ili mtu aone kabla hajaingia. Feni ya kuvuta hewa nayo ilishushwa. Mabomba ya kutolea gesi ya matangi yakaelekezwa nje, mbali na madirisha.

Kuingia ndani ya tangi ni kwa kibali, hewa ikishapimwa, mwenzako akiwa mlangoni. Ukianguka, asikufuate kamwe bila mtungi wa hewa.