Shimo chini ya skrubu

"Baba, mbona kila mara unakisukuma kichwa cha mashine kabla ya kuiwasha?"

Binti yangu aliniuliza jana, mkono wangu ukiwa bado kwenye kifungio, kile kinachokizuia kichwa kisiteleze juu na chini kwenye reli yake. Sikumjibu hapo hapo, maana nilishaukumbuka ule mfereji wa nne.

Mashine yenyewe ni ya kuchonga chuma, kisu chake kinazunguka chini ya kichwa. Siku ile ilikuwa kazi ya alumini, lile bamba la kushikia mota. Mifereji mitatu ilitoka safi. Katikati ya wa nne mvumo ukageuka mkwaruzo, chenga zikaanza kutoka nene. Nikazima, nikapima: mwisho wa mfereji ulikuwa umezama milimita 0.4 kuliko mwanzo. Meno ya kisu yamejipinda kama parafujo, kwa hiyo kinapokata hujivuta kwenda chini, na kichwa kisiposhikwa sawasawa hufuata. Lakini mimi nilikuwa nimekifunga!

Wiki nzima nikawa nakaza zaidi, hata nikachomeka bomba kwenye mkono wa kifungio ili nipate nguvu. Kikateleza vilevile. Mwishowe nikaitoa skrubu ya kifungio, nikauchomoa ule ubapa wa chuma unaobana reli, nikasogea nao dirishani.

Palikuwa na shimo. Dogo, la mviringo, kingo zimeinuka kama mdomo wa chungu. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Kila nilipokaza, ncha ya skrubu ilizunguka palepale na kuchimba. Nikaugeuza ubapa. Upande unaogusa reli ulikuwa na doa moja tu linalong'aa, halizidi punje ya mtama. Kwingine kote mafuta yalikuwa yametulia kama nilivyoyapaka. Nguvu zangu zote zilikuwa zinaishia kwenye lile doa. Nilikaa nalo pale dirishani muda mrefu.

Dawa yake ilichukua chini ya saa moja. Nililainisha kingo kwa tupa, nikakata kipande cha shaba chenye urefu wa milimita 4, nikakitanguliza kwenye tundu mbele ya skrubu. Sasa skrubu inazunguka juu ya shaba, shaba yenyewe haizunguki, na ubapa unasukumwa kwa uso mpana. Zamani nikifunga, kichwa kilisogea kidogo na sindano ya saa ya kupimia ikaruka milimita 0.15, sasa haifiki 0.02.

Ila shaba ni laini, na sijui itadumu mpaka lini.

Nikamwambia binti aweke kiganja, asukume kwa nguvu.

"Hakiendi," akasema.

Akasukuma tena mwenyewe, bila kuambiwa. Ndipo nikawasha.