Wewe Unataka Apone Lini?

Juzi jioni mwanangu aliingia ndani akichechemea, akapita moja kwa moja hadi kabatini, akaitoa ile chupa ya mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na mkaratusi, akanikabidhi bila kusema neno. Nilipofungua kizibo, harufu ikajaa chumba kizima, na kabla sijamgusa mguu akauliza, "Baba, niseme naumwa au niseme siumwi?" Ana umri wa miaka 11. Ijumaa mwalimu wake wa michezo anamhitaji kwenye mchujo wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na Jumamosi anahitajika kwenye timu ya mtaa, ambayo msimamizi wake, kama mnavyojua mnaonisoma tangu zamani, ni mimi.

Sikumjibu. Harufu ile ilikuwa imekwisha kunirudisha Mwanga, Kigoma, usiku wa tarehe 28 Januari 2024, kwenye banda la kuonyeshea mpira, nilipolala kifudifudi juu ya benchi mbele ya umati wa watu huku mzee mmoja ameshika kisigino changu.

Wakati ule nilikuwa bado nafundisha Ujiji. Usiku huo Misri na Kongo zilikuwa zinakutana San-Pédro katika hatua ya 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, na kwa saa zetu mpira ulianza saa tano usiku. Mabenchi ya mbele yalikuwa yamekaliwa na wafanyabiashara wa Kikongo wanaovuka ziwa kutoka Kalemie na Uvira, ambao walitununulia chai sisi Watanzania kwa shukrani iliyojaa kejeli, kwa kuwa siku nne tu kabla ya hapo tulikuwa tumetoka nao sare ya bila kufungana mjini Korhogo, sare iliyowavusha wao na kutufungisha virago sisi. Chai tulikunywa. Ilikuwa ya tangawizi, nayo ilikuwa nzuri.

Hata hivyo, mtu aliyezungumzwa zaidi usiku ule hakuwepo uwanjani. Mohamed Salah, nahodha wa Misri, alikuwa ameumia msuli wa nyuma ya paja tarehe 18 Januari mjini Abidjan katika mechi na Ghana, akatoka muda mfupi kabla ya mapumziko. Chama cha soka cha Misri kilitangaza kwamba angekosa mechi mbili. Siku chache baadaye wakala wake akaandika kwamba jeraha ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kwamba angekaa nje siku 21 hadi 28, na kwamba njia bora ya kurudi kwenye mashindano ilikuwa kutibiwa Uingereza. Naye Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool, klabu ya Salah huko Uingereza, alikuwa amesema kwamba Misri ikifika fainali na mchezaji akawa amepona, angeweza kurudi. Salah aliketi benchi la Misri katika mechi na Cape Verde, kisha akapanda ndege kwenda kutibiwa kwenye klabu yake, kwa ridhaa ya chama. Ridhaa hiyo, hata hivyo, haikuwazuia Wamisri wengi kuhisi kwamba wameachwa njiani.

Nilikuwa nimepiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio, jambo ambalo mkuu wangu wa shule asingelipenda. Siku ya 21 ilikuwa inaangukia tarehe 8 Februari. Nusu fainali zilikuwa tarehe 7. Fainali ilikuwa tarehe 11. Kwa maneno mengine, kwa kima cha chini cha wakala, Salah angepona kesho yake baada ya nusu fainali, na kwa kima cha juu angepona kombe likiwa limekwisha kukabidhiwa siku nne nyuma. Niliwasomea watu wa banda hesabu hiyo kwa sauti, nikidhani ninamtetea.

Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye alikuwa akiishabikia Misri kwa sababu anazozijua mwenyewe, alinijibu kwamba nahodha hakimbii jeshi, na kwamba mtu mzima angebaki kambini hata kwa mguu mmoja, maneno ambayo siku zile hata wachezaji wa zamani wa Misri walikuwa wakiyasema hadharani. Nami, kwa kuwa ni mwalimu na ugonjwa wa walimu unajulikana, nikasimama kufundisha. Niliwaeleza kwamba kwa kanuni za FIFA mchezaji aliyeitwa ni wa timu ya taifa katika kipindi chote cha wito, kwamba akidai ni majeruhi chama kina haki ya kumtaka apimwe na daktari wanayemchagua wao, na kwamba klabu iliyokataa kumwachia haiwezi kumchezesha katika siku hizo wala siku tano zinazofuata. Nikawaeleza habari ya Arjen Robben, winga wa Uholanzi aliyekuwa akichezea Bayern Munich ya Ujerumani, aliyeumia paja siku chache kabla ya Kombe la Dunia la 2010, akatibiwa na watu wa Uholanzi, akacheza hadi fainali, kisha aliporudi Ujerumani daktari wa Bayern akakuta msuli umechanika, na mtu akakaa nje hadi Januari 2011. Bayern ilidai fidia. Mwisho wa ugomvi ikachezwa mechi ya kirafiki kati ya Bayern na Uholanzi mjini Munich, Mei 2012, siku tatu tu baada ya Bayern kupoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa kwenye uwanja huo huo, na Robben, aliyekosa penalti katika fainali ile, akazomewa na mashabiki wa klabu yake mwenyewe akiwa amevaa jezi ya nchi yake.

"Kwa hiyo," nilihitimisha, "cha kwanza ni afya ya mchezaji."

Ilikuwa sentensi nzuri, na nilipoketi nilijisikia vizuri. Sikuwa nimewaambia, ingawa wengine walikuwa wanajua, kwamba mimi ni wa Liverpool; kwamba siku mbili kabla ya hapo Klopp alikuwa ametangaza kuwa anaondoka mwishoni mwa msimu, na tangu Ijumaa ile sikuwa na hamu ya chakula; na kwamba tulikuwa tukiongoza ligi.

Mechi yenyewe nitaipitia haraka. Meschack Elia aliifungia Kongo, Mostafa Mohamed akasawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko, beki mmoja wa Misri akatolewa kwa kadi nyekundu katika muda wa nyongeza, na dakika 120 zikaisha bao moja kwa moja. Ilikuwa inakaribia saa saba na nusu usiku. Makocha walikuwa wanapanga wapigaji wa penalti, watu walikuwa wanatoka kwenda kujisaidia na kurudi mbio, na hapo ndipo yule mzee wa mlangoni aliposema, "Mwalimu, njoo ulale hapa."

Mzee huyo nimekwisha kumtaja katika kumbukumbu nyingine. Kwa miaka mingi alikuwa mchua misuli wa timu za mpira, na uzeeni alikuwa akichua migongo ya wapagazi wa bandarini, akitembea na chupa yake mfukoni mwa koti, ile harufu ikitangulia kufika kabla yake. Nilicheka nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikwisha kuwaondoa watu wawili kwenye benchi, naye alikuwa anajipaka mafuta viganjani kama mtu aliye kazini.

Nikalala kifudifudi. Akakunja goti langu, akashika kisigino kwa mkono wa kushoto, akaniambia nivute mguu kuelekea kwangu huku yeye akiuzuia, na kwa kidole gumba cha mkono wa kulia akaanza kushuka kutoka chini ya tako, polepole, juu ya suruali, akizungumza na watu wala si na mimi. Nyama hii, alisema, inaanzia kwenye mfupa unaoukalia na kushuka hadi chini ya goti, inavuka viungo viwili, ndiyo sababu huvutwa juu na chini kwa wakati mmoja. Ukitembea haikudai kitu. Ukitoa pasi haikudai kitu. Inakuja kukudai siku unapochomoka kwa kasi, mguu ukiwa umerushwa mbele na bado haujakanyaga. Kwa hiyo mtu anaweza kuamka asubuhi akaruka kamba mbele ya kocha, kila mmoja akampigia makofi, na jioni akaanguka peke yake bila kuguswa na mtu.

Alipofika katikati ya paja alikandamiza, nami nikapiga yowe. Banda zima likaangua kicheko. Mkongo mmoja wa benchi la mbele akageuka na kunipa pole ambayo haikuwa pole.

"Panauma?" mzee aliuliza.

"Panauma, Mzee."

Akaondoa kidole gumba, akaweka kiganja mahali pale pale, akapitisha kwa upole kama anayepangusa vumbi juu ya meza. "Na sasa?"

"Sasa hapaumi."

"Paja ni hilo hilo, mwalimu. Wakitaka ucheze, nitakuuliza kwa kiganja. Wakitaka usicheze, nitakuuliza kwa kidole. Utanijibu kweli mara zote mbili, nami nitaandika kweli mara zote mbili." Alinyamaza kidogo, runinga ikimwonyesha golikipa wa Misri akinyoosha mikono. "Karatasi zote nilizoandika katika kazi yangu zilikuwa za kweli."

Kisha, bila kuniachia kisigino, alisimulia kwa ufupi habari ya kijana mmoja wa zamani, winga, aliyeitwa timu ya taifa akiwa anauguza paja. Kambi ilimtaka baada ya siku 10. Klabu iliyokuwa inamlipa mzee ilikuwa na mechi yake kubwa baadaye kidogo, ikamwomba mchua misuli wake aandike wiki tatu. Aliuliza kwa kidole, akaandika wiki tatu. Yule kijana aliisikiliza mechi ya taifa redioni, amekaa kwenye kitanda cha kuchulia, humo humo katika chumba cha mzee, kwa kuwa hakutaka kuisikiliza nyumbani kwao. Hakuitwa tena. Jina la kijana mzee hakulitaja, wala la klabu, na hakuna aliyeuliza.

"Sasa wewe," akasema, "unayesema afya ya mchezaji. Unataka apone lini?"

Laiti ningefikiri kwanza. Lakini nilikuwa nimelala kifudifudi, damu imeshuka kichwani, na jibu lilitoka lenyewe: "Kabla ya tarehe 25 Februari."

Hiyo ilikuwa siku ya fainali ya Kombe la Ligi ya Uingereza, Liverpool na Chelsea, Wembley. Sidhani kama kuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa. Kijana wa bodaboda alicheka hadi akalazimika kushika nguzo, na mzee akakishusha kisigino changu taratibu, akanipigapiga begani, akarudi mlangoni pake.

Penalti niliziangalia nimesimama nyuma, paja likiwaka kwa yale mafuta. Zilikwenda hadi golikipa kwa golikipa. Gabaski wa Misri, ambaye naye alikuwa langoni kwa kuwa El Shenawy alikuwa ameteguka bega katika mechi iliyotangulia, aligonga mtambaa wa panya. Lionel Mpasi wa Kongo akaweka wavuni, 8 kwa 7. Benchi la mbele lilipinduka. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, na katikati ya kukumbatiwa huko nilitambua kwamba nimefurahi, na kwamba furaha yangu haikuhusiana na Kongo hata kidogo: Misri imetoka, hakuna wa kumwita tena.

Salah alirudi uwanjani tarehe 17 Februari dhidi ya Brentford, akitokea benchi, akafunga na kutoa pasi ya bao. Zilikuwa siku 30 kamili tangu Abidjan, kwa hiyo wakala hakuwa ametia chumvi. Nilitamani kumpelekea mzee habari hiyo kama ushahidi. Sikuwahi, kwa kuwa msuli ulimsumbua tena, na tarehe 25, siku ile ile niliyoitaja nikiwa kifudifudi, hakucheza. Kombe tulilichukua bila yeye. Siwezi kusema kwamba alirudishwa mapema. Klabu kama ile ina mashine zinazopiga picha ndani ya nyama, si kidole cha mzee wa Kigoma. Ninachojua ni kwamba picha huonyesha pale msuli ulipochanika, haionyeshi tarehe. Tarehe huwekwa na mtu, na mtu huyo mara nyingi ana ratiba ukutani. Labda ninamwonea. Labda najisemea mimi.

Basi juzi nilimwambia mwanangu alale kifudifudi kitandani. Nikatia mafuta kiganjani, nikaanza chini ya tako na kushuka polepole, nikimweleza habari ya mfupa anaoukalia na viungo viwili, naye akisikiliza kwa makini. Mchujo wa shule ni Ijumaa. Mechi yetu ya mtaa ni Jumamosi, na winga mwingine sina. Nilipofika katikati ya paja nikamuuliza kama panauma.

Akageuza shingo, akaniangalia usoni kwanza.

"Hapaumi, Baba," akasema. "Lakini hujabonyeza."