Viwili Vilivyokaa Bure

Wiki hii posa ya mdogo wangu imekubaliwa na karatasi za mtihani wa nusu muhula zimesahihishwa zote, lakini ninalolala nalo na kuamka nalo ni neno dogo lililosemwa kikaoni Jumanne, ambalo wala si la kumkosesha mtu mzima usingizi.

Nilikuwa nimebandika ukutani mchoro wa ratiba ya kazi za ule ubao wa kompyuta wa karakana wenye vichakataji vinne (zile sehemu zinazotekeleza programu), ambao najua mmekwisha kuchoka kuusikia. Mkuu wetu akavaa miwani, akausogelea, akauliza, "Mwalimu, vingapi hapa vimekaa bure?" Nikajibu, "Viwili, Mzee, tena kwa makusudi." Akarudia, "Kwa makusudi," akavua miwani, akasema, "Haya, tuendelee." Wenzangu wakacheka kile kicheko cha kuinamia makabrasha, na kikao kikahamia kwenye bei ya viti.

Lau angenipa dakika mbili, ningemweleza. Ubao una kazi ndogo nne za kusoma vihisi, kila moja ikihitaji milisekunde 2 katika kila milisekunde 100, na kazi moja nzito ya kuchambua picha za kamera, inayohitaji milisekunde 100 katika kila 101. Zote kwa jumla ni mzigo wa kichakataji kimoja na ushei, nasi tunavyo vinne. Watafiti Liu na Layland walithibitisha mwaka 1973 kwamba kwenye kichakataji kimoja, kazi za kujirudia zisizotegemeana hazichelewi maadamu mzigo haujapita asilimia 100, mradi kila mara itangulizwe ile ambayo muda wake wa mwisho uko karibu zaidi. Mtu atatumaini kwamba kanuni hiyo, ikiwekwa kwenye foleni moja inayolisha vichakataji vyote vinne, itatosha na kusaza. Haitoshi. Kazi zote zikifika pamoja, zile ndogo, ambazo mwisho wake ni 100, hushika vichakataji vyote vinne. Ile nzito, ambayo mwisho wake ni 101, husubiri milisekunde 2, huanza, na humalizika kwenye 102. Imechelewa, ilhali vichakataji vitatu vilivyobaki vilikuwa havina la kufanya karibu muda wote huo. Dhall na Liu waliyaeleza haya mwaka 1978, na kinachoudhi ni kwamba hata ukinunua vichakataji mia, kazi ndogo mia zitakufanyia yale yale.

Ndiyo maana niliitengea ile nzito kichakataji chake peke yake, nikazirundika ndogo zote kwenye cha pili, vikabaki viwili, na hakuna kinachochelewa. Mzee aliona ubadhirifu. Katika mpango wa foleni moja muda unaopotea ni karibu ule ule, ila umetawanyika vipande vipande kiasi kwamba miwani haiuoni.

Jibu hilo nimelirudia jikoni, msikitini (Mungu anisamehe) na kwenye daladala, na kila mara Mzee wa mawazoni mwangu hukubali na kunyamaza. Jana hakunyamaza. Aliniuliza, "Basi kwa nini hivyo viwili tusiwaazime wenzetu wa idara ya umeme?" Nikakosa raha papo hapo, kwa sababu vichakataji hivyo vinne vinatumia njia moja kufikia kumbukumbu. Zile milisekunde 100 za kamera zilipimwa majirani wakiwa wamelala. Wakiamka na kuanza kuvuta data kwa pupa, kila kipande cha picha kitasubiri zamu yake, na akiba yote niliyo nayo ni milisekunde 1. Ratiba inagawa vichakataji. Ile njia ya kumbukumbu haikuigawa, na mchoro wangu ukutani hauna hata mstari mmoja unaoionyesha.

Hasira imeniisha, nami sasa naomba swali hilo lisiulizwe kabla ya Jumatatu, nitakapovipa vile viwili programu ya kunakili kumbukumbu mfululizo na kuipima upya kazi ya kamera. Ikigusa 102, itanibidi nimwombe Mzee aache viwili vilale kabisa, na sijui nitamwangalia usoni vipi.

Halafu pampu ya kisima imeanza tena kukohoa, na fundi aliyeizoea amehamia Kibaha.