Skripti yako inahitaji msomaji mwenye kazi maalum, "umeionaje" haitoshi

Wadau wa kuandika, hasa nyie wa huku Nyanda za Juu Kusini, hii ni yenu. Kuna ujumbe naupata sana WhatsApp, PDF ya skripti ya filamu na chini yake maneno mawili matatu, "kaka isome uniambie umeionaje". Nasoma, kwasababu napenda kusoma kazi za watu kuliko kitu kingine chochote, ila kila nikiona hilo swali naumia kidogo maana najua wengine aliowatumia watamjibu nini. Watamwambia iko poa sana, kaza, ongeza drama kidogo. Mtu kakesha kwenye baridi ya Juni hapa Mbeya anaandika kurasa mia, anarudishiwa sentensi moja ambayo haiwezi kujenga hata sini moja, yaani tukio moja la filamu.

Mi naamini hivi, maoni ya maana hayaji yenyewe. Unachagua mtu, unampa kazi inayoeleweka, unamuuliza maswali ambayo hawezi kuyajibu kwa "iko poa", alafu unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu kuliko pote na nitaparudia.

Wenzetu wa Marekani wameifanya hii kuwa ajira kabisa. Kampuni za filamu na mawakala wanapokea skripti nyingi kuliko muda walionao kwahiyo wanawalipa wasomaji, msomaji anamaliza skripti nzima, anaeleza hadithi kwa sentensi moja, anaandika muhtasari, anaandika maoni yake kuhusu muundo, wahusika na dailogi (maneno wanayoongea wahusika), na mwisho anatoa hukumu: ichukuliwe, ifikiriwe au iachwe. Kinachofanya ripoti kama ile iwe na faida ni kwamba yule msomaji hamwandikii mwandishi, anamwandikia bosi, hana sababu ya kubembeleza mtu. The Black List, ambayo Franklin Leonard aliianzisha mwaka 2005 kama orodha ya skripti zilizopendwa na watu wa ndani ya Hollywood na zilikuwa bado hazijatengenezwa, tangu 2012 ina tovuti ambayo mtu wa popote anapakia skripti yake na kulipia tathmini. Hata wewe wa Tukuyu unaweza ukiwa na kadi na ukiwa tayari kuitafsiri kazi yako kwa Kiingereza.

Na msimdharau msomaji wa mbali. Skripti yangu ninayohangaika nayo sasa hivi inatokea Rungwe, ndugu wawili, dada mtu anaitwa Atupakisye na mdogo wake Amba, baba yao kafariki kawaachia shamba la chai, Amba anataka kung'oa chai yote apande parachichi za Hass maana ndo hela ya sasa, Atu hataki. Wanaitwa kwenye kikao cha ukoo. Msomaji mmoja wa nje nilipompa akaniuliza, hawa watu kwanini hawaendi kwa wakili? Ungeweza kusema huyu hajui mambo yetu na ukaendelea na maisha. Lakini lile swali lilikuwa linaniambia kwamba kwenye kurasa zangu kikao cha ukoo hakina uzito, hakuna mahali mtazamaji anaona mtu akiogopa kile kikao. Kwa mtu wa Rungwe haihitaji kuelezwa, ila sinema inatakiwa ioneshe. Nikaongeza sini fupi ya mjomba anakatazwa kuchota maji kwenye kisima cha familia kwasababu aliwahi kubishia uamuzi wa wazee. Hamna aliyeuliza tena habari za wakili.

Sasa kwa hapa kwetu utawapata wapi. Watu wanadhani mtaalamu ni lazima awe Dar, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na kweli prodyuza wengi wapo kule, ila angalia vizuri ulipo. Mtu wa kwanza ninayempelekea mimi ni mhariri wa video. Pale Mwanjelwa na Kabwe kuna vijana wanahariri harusi, matangazo, video za wasanii, siku nzima wako kwenye kukata, na mtu anayekata picha kila siku anajua kitu ambacho sisi waandishi hatukijui, anajua nini hakitafika kwenye filamu ya mwisho. Mpe skripti na kalamu nyekundu umwambie achore mstari pale ambapo angekata. Usimwombe aeleze. Kuna mmoja alinichorea dailogi nzima ya ukurasa na nusu akabakiza mstari mmoja tu wa mwisho, nikaisoma ile sini kwa mstari ule mmoja na ikawa inasema kila kitu.

Prodyuza ataona hela. Atakuhesabia sini za usiku, za mvua, malori, umati wa sokoni, na atakuuliza hii ya mvua lazima iwe mvua? Hilo nalo ni swali la uandishi japo linakuja kwa sura ya bajeti. Mwigizaji ataona kama mhusika ana kitu cha kufanya au amesimama tu anaongea. Mwalimu wa fasihi ataona dhamira, ila mwambie mapema kwamba hii sio riwaya, asitafute maelezo ya moyoni. Na ukipata nafasi ya kwenda ZIFF kule Zanzibar nenda, hilo tamasha la filamu lipo tangu 1998, kuna watu pale wametengeneza filamu kweli na ukimkuta mtu nje ya ukumbi ukamwuliza swali moja lililonyooka kuhusu hadithi yako anakujibu vizuri tu. Usimpe PDF. Muulize swali.

Kuhusu maswali yenyewe, mimi huwa natuma na skripti. Naomba aniambie ukurasa ambao alishika simu au akaenda kunywa maji, hilo la kwanza kabisa, maana hakuna mtu anayekosea kwenye kujua alichoka wapi. Namuuliza Atu anataka nini, kwa maneno yake yeye msomaji, na kama wasomaji wawili wananipa majibu mawili yasiyofanana basi najua kazi ipo. Namuuliza ni wapi hakuamini. Na alianza kujua mwisho utakuwaje akiwa ukurasa wa ngapi. Haya yote mtu anaweza kuyajibu hata kwa voisi nout akiwa kwenye daladala ya Uyole, na ni ya maana kuliko insha ya sifa.

Alafu namba za kurasa. Msisitizie msomaji akupe namba ya ukurasa. Ndo maana na wewe uandike kwa fomati inayokubalika, fonti ya Courier saizi 12, vichwa vya sini vikiwa sehemu zake, kwasababu kwa fomati ile ukurasa mmoja unakaribia dakika moja ya filamu na mtu akikwambia nilichoka ukurasa wa 30 unajua ni kama nusu saa ndani. Ukiandika kwa mtindo wako na fonti yako hiyo faida unaikosa, na mtaalamu akifungua akaona haijapangwa anaanza kusoma akiwa ameshapunguza imani na wewe.

Niwape mfano mmoja kwa karibu maana nadhani ndo moyo wa hii mada yote. Ukurasa wa 41 Amba anarudi nyumbani usiku, mvua inanyesha, Atu anafungua mlango, Amba anasema dada nisamehe, Atu analia wanakumbatiana. Nilipata maoni ya watu wanne juu ya ukurasa huo. Mmoja akasema sini ni ndefu mno. Mwingine akasema dailogi nzito, iwe nyepesi. Mwigizaji akasema mimi hapa nisingeweza kulia. Wa nne, mama mmoja wa Iringa ambaye amewahi kuhariri skripti za tamthilia, aliandika hivi tu: "Uk. 41. Jana yake Atu alimtukana Amba mbele ya wazee. Usiku huu kuna nini ambacho jana hakikuwepo?"

Ona sasa. Maoni manne tofauti, ila wote wameweka kidole ukurasa uleule. Ungefuata dawa ya wa kwanza ungefupisha sini mbovu ukapata sini mbovu fupi. Msomaji akikwambia hapa panauma mwamini asilimia zote, akikwambia cha kufanya msikilize kwa heshima ila usikimbilie kufanya, kwasababu panapouma na penye ugonjwa mara nyingi sio sehemu moja. Nilikaa na lile swali la yule mama, nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa natafuta ni wapi tumewahi kuwaona hawa ndugu wakiwa upande mmoja, na hapakuwepo. Tunakutana nao wakiwa tayari wanagombana. Sasa mtazamaji atatamani wapatane kwa lipi?

Kwahiyo kilichobadilika kiko ukurasa wa 6. Baba yao bado yupo hai. Atu ana homa, kakaa chini ya mti kajifunika kanga. Amba anabeba kapu lake na la dada yake mpaka kituo cha kununulia majani ya chai, karani anapima, anashika kalamu anauliza jina. Amba anaangalia makapu yote mawili. "Andika Atupakisye." Basi, sini imeisha, haifiki dakika. Na ukurasa wa 41 Amba akirudi na mvua hasemi nisamehe, anaweka mezani karatasi ya kilo za leo, karani kaandika jina la dada yake. Sikugusa kitu kingine. Yule mwigizaji aliposoma tena hakumaliza ukurasa, akaiweka chini akakaa kimya kwanza.

Kitu kingine ambacho hakina mbadala ni kusoma kwa sauti na watu. Tafuta chumba, chai ya tangawizi na chapati, gawa wahusika, mmoja asome maelezo. Sisi tulifanyia Soweto ya hapa Mbeya kwa rafiki yangu, wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya hapa mjini. Wewe mwandishi usisome mhusika yeyote, kaa pembeni na nakala yako, weka alama kila mtu anapojikwaa, anapocheka pasipochekesha, anapogeuza sentensi yako kuwa ya kwake. Aliyekuwa anasoma Atu aliruka mstari mmoja bila kujua na mwenzake akajibu vilevile, mazungumzo yakaendelea kama kawaida. Nikaufuta palepale. Na hapa ndo naparudia pale pa kunyamaza, mtu akisema sijaelewa usimweleze. Ukimweleza ataelewa, ila hautakuwepo Makambako au Njombe kumweleza kila atakayeangalia filamu. Andika alichosema, sema asante, nenda kalale. Mimi huwa nayaacha maoni siku kadhaa kabla ya kufungua skripti, hasira ikiisha unayaona tofauti kabisa.

Najua wengi mnaogopa kutuma skripti mkihofia kuibiwa. Hofu hiyo naielewa, ila isikufanye ubaki na skripti kwenye droo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi iliyoandikwa, sio wazo tu la kichwani, kwahiyo ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa nchini, kabla ya kuanza kuituma una ushahidi mkononi, alafu tuma kwa imeili ili tarehe ibaki. Na msichanganye na Bodi ya Filamu. Bodi wanataka skripti kwa ajili ya kibali cha kurekodi, hiyo ni hatua ya kisheria, wao wanaangalia maudhui. Kupata kibali hakumaanishi hadithi imeiva, nimewaona watu wakifurahia kibali wakaingia lokesheni na rasimu ambayo haijasomwa na mtu hata mmoja wa kazi.

Malipo, mkubaliane mwanzo. Kusoma kurasa mia na kuandika maoni ni kazi ya siku nzima au zaidi, yule mhariri wa Mwanjelwa anaacha wateja wake ili akusomee. Kama huna hela sema huna, mpe kitu kingine, andikia tangazo lake, msomee kazi yake, ila usimfanye mtu akafanya kazi ya kitaalamu kwa salamu tu. Mpe na tarehe. Msomaji asiye na tarehe hatasoma, sio kwamba ni mbaya, ana maisha yake.

Na la mwisho ambalo natamani kila anayeanza alijue: mtu anaisoma skripti yako kwa mara ya kwanza mara moja tu. Yule mama wa Iringa hawezi tena kuniambia kama ukurasa wa 41 unashtua maana anajua kinachokuja. Kwahiyo kama unao watano, usiwatumie wote rasimu moja siku moja kwa furaha ya kumaliza. Tuma kwa wawili, rekebisha, tuma kwa mwingine ambaye hajawahi hata kusikia hadithi yenyewe. Mimi rasimu ya sasa nimempa dairekta mmoja wa Mafinga, sijamwambia inahusu nini, nimempa maswali yangu manne na mpaka mwisho wa mwezi. Wenye skripti mnaotaka kusomewa na mimi, nitumieni mkiwa na maswali yenu manne.