Kufuata maji ya ziwa: Kigali au Gitega?

Haya, mradi umeanza kutoka nje ya mipaka. Mi napiga picha ndege na mimea ya majini, nilianzia mwaloni Kirumba hapa kwetu Mwanza, nikaenda Luchelele, afu Ghuba ya Speke upande wa Magu, na sasa nataka kupanda juu kabisa nione haya maji yanatokea wapi. Maji mengi ya Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha palepale juu ya ziwa, watu wengi hawalijui hilo, ila ukija kwenye mito, Kagera ndo mkubwa kuliko yote inayoingia. Na Kagera ina wazazi wawili, Nyabarongo unaopita pembeni ya Kigali, na Ruvubu unaotoka Burundi ukipita si mbali na Gitega, wanakutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Kwa hiyo swali la safari yangu limekuwa la miji mikuu miwili midogo, naenda upi?

Midogo, yaani kwa maneno tu. Kigali kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 1.7, wakati Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji letu la Mwanza, ukijumlisha mwaka huohuo unapata kama milioni 1.1, sasa nani mdogo hapo? Gitega ndo mdogo kweli, imepewa makao makuu 2019 kutoka Bujumbura na bado ina utulivu wa mji wa mkoa.

Nimekaa na ramani, nimeuliza madereva wa malori wanaopita huko, na kilichonivuta Kigali siyo usafi wanaousifia kila siku. Ni kwamba bwawa la mafunjo liko ndani ya jiji. Pale Nyandungu palikuwa ardhi oevu iliyochoka, wakaifufua, 2022 wakaifungua kama bustani ya kutembea na baiskeli, unashuka kwenye pikipiki na darubini shingoni unaanza kazi. Afu kuna Umusambi, kijiji cha korongo taji waliookolewa majumbani na hotelini kwa watu waliokuwa wanawafuga kama mapambo, wengine mabawa yao yalishaharibiwa hawawezi kuruka tena ndo wakapewa makazi pale. Mi korongo taji nawaona huku kwetu mara mojamoja kwenye majaruba ya mpunga, wanaruka kabla sijafungua begi, kwa hiyo pale najua nitakaa nao nusu siku na hakuna wa kunikimbiza.

Akagera nayo ipo, kilomita za mraba 1,122 mashariki kule mpakani na sisi. Kila mtu ananiambia simba, simba, wamerudishwa 2015 baada ya kuisha kabisa. Sawa, hongera kwao, lakini mtu wa Mwanza utafuata simba Rwanda wakati geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti liko barabara ya Musoma? Mi nataka maziwa ya kule na mafunjo yake, maana humo ndo anajificha korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu, na nikimpata hata kwa mbali nitafunga kamera nilale.

Gitega sasa. Moyo uko huko, nasema ukweli. Rutovu, kusini mwa Gitega, kuna kapiramidi kalikojengwa 1938 juu ya kilima kuonyesha chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile, ni Mjerumani mmoja anaitwa Waldecker ndo aliyeitambua. Maji ya pale yanaingia Ruvyironza, kisha Ruvubu, kisha Kagera, kisha yanapita kwetu kabla ya kuitafuta Misri. Ongeza maporomoko ya Karera, hifadhi ya Ruvubu yenye viboko na nyati, na ngoma za Gishora ambazo siyo mambo ya ndege ila utazikosaje?

Tatizo ni kwamba vyote hivyo viko nje ya mji, vinataka gari, na gari linataka mafuta, na Burundi mafuta yamekuwa shida ya miaka sasa. Dereva mmoja aliniambia "mdogo wangu, kule unaweza kulala kwenye foleni ya petroli ukaota hao ndege." Na kuunganisha miji yote miwili kwenye mzunguko mmoja nilishafuta kichwani, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024 na mi sipangi safari juu ya mpaka wa namna hiyo.

Kwa hiyo ni Kigali. Lakini Ruvubu siuachi, maana kabla ya kukutana na mwenzake unapita Ngara, upande wetu huku. Mpango ni kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Biharamulo, nishukie Ngara kwanza niupige picha Ruvubu bila kugongewa muhuri wowote, ndo nivuke Rusumo.

Kitu kimoja nataka kukitafuta njia nzima ni gugumaji. Lile linalotuzibia mialo, sehemu kubwa lilishuka na Kagera kutoka huko juu mwishoni mwa miaka ya 1980, na nataka picha yake likiwa bado mtoni, kila kituo picha moja. Kilichobaki ni kadi ya homa ya manjano na koti, maana Kigali iko juu mita 1,500 na zaidi na sisi wa joto la ziwani usiku wa kule unatunyoosha.