Ninavyobashiri washindi wa Oscar kutoka Kondele

Mwaka 2014 watu wengi hapa Kisumu walikuwa na shughuli na tuzo moja tu ya Oscar, ile ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Lupita Nyong'o ni wetu, basi, mjadala umekwisha. Mimi pia nilimwandika Lupita, ila nilikuwa na sababu yangu, na fundi wa simu ninayeshiriki naye kibanda hapa Kondele alishangaa. "Omera, kwani hiyo nayo inataka sababu?"

Ilitaka. Jennifer Lawrence alikuwa ameshabeba Golden Globe na BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, kwa hiyo mtu wa kuhesabu vikombe angeogopa. Lakini Golden Globe za wakati huo zilipigiwa kura na waandishi wa habari wasiofika mia moja, na kura zao haziingii kwenye Oscar. Lupita alikuwa na tuzo ya SAG, inayotolewa na chama cha waigizaji wenyewe, na waigizaji ndio kundi kubwa kuliko yote ndani ya Akademi ya Marekani inayotoa Oscar. Wenye kura walikuwa wamesema.

Tangu hapo, nikikaa na karatasi yangu, swali la kwanza ni nani anapiga kura, la pili ni zinahesabiwa vipi. Uzuri wa filamu unakuja wa tatu. Nyingine hata sijaziona, maana hazifiki kumbi za huku kabla ya tuzo zenyewe. Sisi pale kibandani tunafunga mkeka Jumapili jioni, kwa sababu sherehe ya Los Angeles huku inaanguka Jumatatu alfajiri, na anayeshika mkia ananunua samaki ufukweni Dunga.

Mwongozaji bora hanisumbui. Namwandika aliyeshinda tuzo ya chama cha waongozaji, DGA, kisha nasonga mbele. Tangu tuzo hiyo ianze mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 2025, mshindi wake ameikosa Oscar mara nane tu. Mojawapo ni 2020, Sam Mendes aliposhinda DGA na Bong Joon-ho akaondoka na Oscar.

Kazi iko kwenye filamu bora. Hapo wengi wanaumia kwa kuwa wanadhani aliye na kura nyingi za kwanza ndiye mshindi. Tangu sherehe ya 2010, wanachama wanapanga filamu kwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mwisho. Fundi nilimweleza kwa uchaguzi wetu wa urais. Lazima upite nusu ya kura, ila badala ya kurudi kituoni kwa duru ya pili, karatasi zilezile zinasomwa upya. Filamu yenye kura chache zaidi za kwanza inatolewa, na kura zake zinahamia kwa aliyeandikwa wa pili. Wanaendelea kutoa hadi mmoja avuke nusu. Kwa hiyo filamu inayopendwa mno na kundi moja na kuchukiwa na jingine iko hatarini, na ile ambayo hakuna anayeichukia inapenya taratibu.

Ndiyo maana 2022 niliandika CODA. Ilikuwa imeteuliwa katika vipengele vitatu tu, wakati The Power of the Dog ilikuwa na kumi na viwili. Fundi alicheka sana. Lakini CODA ilikuwa imeshinda tuzo ya chama cha watayarishaji, PGA, ambayo nayo huhesabu kura kwa kupanga nafasi, na ya waigizaji juu yake. Ilichukua zote tatu. Ile nyingine iliambulia ya mwongozaji tu. Sisemi PGA haikosei. La La Land ilipata tuzo hiyo, kisha Moonlight ikatwaa Oscar ya 2017, na hata bahasha pale jukwaani ilichanganyikiwa.

Kwa waigizaji wakuu, siku hizi BAFTA ikitofautiana na SAG natulia kwanza kabla ya kuandika. Tangu 2016 Akademi imeingiza wanachama wengi kutoka nje ya Marekani, na nadhani inaonekana: Anthony Hopkins 2021, Emma Stone 2024, Mikey Madison 2025, wote walikuwa na BAFTA na SAG ilikwenda kwa mwingine. Michelle Yeoh wa 2023 alienda kinyume, kwa hiyo si sheria.

Filamu fupi ndizo zinazoniacha mikono mitupu, kwa sababu hakuna chama cha kuniashiria lolote. Mwaka 2018 kulikuwa na Watu Wote, ya wanafunzi wa Ujerumani waliyoipiga hapa Kenya, kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa karibu na Mandera. Kibanda kizima kiliiandika, na mimi nikiwemo, nikijua kabisa kwamba hapo nafuata moyo. The Silent Child ya Uingereza ndiyo iliyoshinda. Kwa kuwa sote tulikosa pamoja, kipengele hicho hakikumsogeza mtu yeyote karibu wala mbali na bili ya samaki.