Gari ya familia kwa winta ya Minnesota: kabla ya yote inamia uone tairi

Juzi shemeji yangu kanipigia simu, kahamia hapa Minneapolis na mkewe na watoto watatu toka Dar, hii ndo itakuwa winta yao ya kwanza, akaniambia "shem nimepata gari, mnyama kabisa, fowili, theluji yenu hiyo hainitishi." Nikamuuliza kitu kimoja tu, tairi zake zikoje? Akasema ah tairi ni tairi shem, zipo nzuri tu. Nimelala nalifikiria hilo jibu, maana ndo jibu langu mimi miaka ile, na nusura limpoteze mwanangu.

Winta yangu ya pili hapa nilikuwa na SUV kubwa ya mtumba, fowili nayo, yaani inavuta tairi zote nne. Dalali aliyeniuzia aliniapia kwamba hiyo gari kwenye theluji inapita popote, na kweli ilikuwa inaondoka, wenzangu wanazungusha tairi pale kwenye maegesho mimi nishafika barabarani. Hapo ndo nilipodanganyika. Asubuhi moja ya Januari nampeleka mwanangu kwa mlezi, tunateremka kamlima kadogo tu, mbele taa nyekundu, nikakanyaga breki mapema kabisa, pedali ikaanza kunitetemesha unyayo, trrrr, ni ABS hiyo, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, inafanya kazi yake, na gari haisimami, inaenda tu taratibu kama ngalawa iliyokatika kamba, tukapita katikati ya njia panda na taa bado nyekundu na kulia kwangu lori la kumwaga chumvi linakuja. Yule dereva alituona akapunguza, Mungu amuweke. Nikapaki pembeni. Mwanangu nyuma anaimba, hajui chochote, mimi mikono inatetemeka hata simu siwezi kushika.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Bukavu ambaye Waswahili wengi wa huku tunampelekea magari. Aliizunguka gari akasema "papa, gari yako haina neno, ubaya uko hapa chini." Akanipeleka nje kwenye tairi zilizolala kwenye baridi usiku kucha, akaniambia minya hii kwa dole gumba, nikaminya, aina ileile niliyofunga mimi, za msimu wote, ngumu kama kifuu. Minya na hii ya winta. Ile ilikuwa bado inabonyea, na kashata zake, yaani vile vinundu vya raba vinavyogusa barabara, zina mikato midogo midogo kama mtu kapitisha wembe, akasema hiyo mikato ndo inayong'ata theluji. Raba ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi hivi inaanza kukakamaa, na sisi hapa tunafika 25 chini ya sifuri, sasa hapo unatembelea plastiki.

Kitu ambacho watu hatukiwazi ni hiki, fowili inakusaidia kuondoka na kupanda, lakini breki kila gari duniani inazo kwenye tairi zote nne, hata ile ndogo ya bei rahisi, kwa hiyo kwenye kusimama huyo mnyama wako hana cha zaidi, na uzito wake ndo unazidi kumsukuma mbele. Tafuta ubavuni mwa tairi kamchoro ka mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kachembe ka theluji. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake isikuridhishe, hiyo inaongelea umbo la kashata tu. Na kama huna pa kuhifadhia seti mbili, zipo za kuvaa mwaka mzima zenye huohuo mlima, si kali kama za winta kamili ila zinazishinda mbali zile za msimu wote.

Basi niliuza ile SUV nikachukua Toyota Sienna ya mtumba, kibasi cha familia, ile inayovuta tairi za mbele tu, watu wakanishangaa. Injini imekaa juu ya tairi zinazovuta, buti inameza kigari cha mtoto na mboga za wiki nzima, na milango ya pembeni ni ya kuteleza, hili jambo dogo lakini ukishapaki ubavuni pana lundo la theluji lililoachwa na greda utaishukuru. Ile Sienna ya kuvuta zote nne ya miaka ile haina nafasi ya tairi la spea, nikaona heri ya spea, na hela iliyobaki ikaingia kwenye tairi nne za winta na rimu zake.

Sisemi kila mtu achukue Sienna. Ukikaa Duluth kule kwenye milima inayoshukia ziwa Superior, au shamba ambako greda linachelewa kufika, tafuta Subaru Outback, uvungu wake uko juu sentimita 22 hivi na inavuta zote nne muda wote, ila nayo ifunge tairi za maana.

Na ukikagua mtumba wa huku lala chini na tochi. Chumvi ya barabarani inakula chesisi na vipaipu vya breki wakati bodi juu inang'aa. Uliza umri wa betri.

Wazazi jamani, msimfunge mtoto mkanda juu ya koti nene, koti linasinyaa kwenye ajali mkanda unabaki unalegea, mfunge na sweta halafu mfunike koti kwa juu. Na theluji ikianguka usiku, kabla hujawasha gari fukua bomba la moshi, likiziba ule moshi unarudi ndani, na gesi ya sumu iliyomo, kaboni monoksidi, haina harufu ya kukushtua.

Jumamosi naenda kwa shemeji na sarafu ya senti 25. Unaichomeka kwenye kashata kichwa cha Washington kikiangalia chini, kama hata nywele zake hazijafunikwa basi hizo tairi hazifai kwa theluji. Nimeshamwambia fundi atuwekee nafasi ya kufunga tairi za winta mwanzo wa Oktoba, kabla foleni haijaanza.